Mzee Rula, Aliyeipindisha Njia ya Shimo la Kumi na Moja

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, fundi wetu mkuu wa nyasi, ambaye kila mtu katika klabu yetu ya gofu anamwita Mzee Rula, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Ukweli ni kwamba alipaswa kuondoka mwaka jana. Keki ilishaagizwa na viti vilishapangwa, ndipo mwenyewe akaingia ofisini kuomba aongezewe mwaka mmoja. Keki hairudishwi dukani, kwa hiyo tuliila hivyo hivyo, naye akala vipande viwili kusherehekea kutoondoka kwake.

Sababu ya kubaki kwake tuliijua sote. Shimo la kumi na moja limekaa kwenye ardhi ya kikosi cha anga, majirani zetu wa upande wa pili wa uzio, na mkataba wa kulitumia ulikuwa unakaribia kuisha. Habari zilizotufikia ni kwamba kikosi kinataka kusogeza uzio na kulichukua shimo zima ili kijenge maghala. Uwanja wa gofu wenye mashimo kumi na saba badala ya kumi na nane ni meza ya miguu mitatu. Hakuna atakayeleta mashindano kwetu, na sisi tunaopata riziki hapa tungeanza kutafuta pa kwenda. Mzee Rula alimwambia mwenyekiti kwamba hawezi kumwacha mgonjwa wodini akaenda kulala nyumbani. Akabaki.

Alikuja kwetu akiwa kijana, kama kibarua wa kuchimba mtaro. Siku ya tatu dereva wa mashine ya kukatia nyasi hakutokea, fundi mkuu wa wakati huo akatazama huku na huku, akamwona kijana mmoja amesimama na sepetu, akampandisha. Alimwonyesha pa kukanyaga ili iende na pa kukanyaga ili isimame, basi. Jioni fundi alipotoka kukagua alikuta mistari ya nyasi imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Mtaro ulimaliziwa na mtu mwingine, na jina la Rula likabaki kwa kijana mpaka leo. Shemeji yetu, mkewe, anasema hata nyumbani shuka haitandikwi mpaka mistari yake ilingane na ukingo wa kitanda, na kwamba aliacha kubishana naye juu ya jambo hilo kabla mtoto wao wa kwanza hajaota meno.

Kwa wanachama wapya, na kwa wageni watakaolisoma jarida hili wakisubiri zamu yao ya kuanza, niseme kidogo kuhusu uwanja wenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Chetu ni kizuri na kwa miaka mingi hakikujiuza hata kidogo. Hatuna miti wala maziwa yenye chemchemi, na jengo letu lina bati ambalo upepo hulipigisha kelele. Tulicho nacho ni mchanga, nyasi ngumu za ufukweni, vilima vidogo vilivyojipanga vyenyewe, na bahari inayoonekana kutoka karibu kila shimo. Watu wakitutaja husema, ah, kale kauwanja ka karibu na ndege. Wageni wengi huja kwetu kwa sababu kule walikotaka kwenda kumejaa. Wanacheza kwa kunung'unika mashimo matatu ya kwanza. Kufika la nne, ambako unaupiga mpira kuelekea baharini na upepo unakurudishia karibu na miguu yako, wanaanza kucheka. Wakirudi mapokezini, huniuliza mimi karani lini tena kuna nafasi.

Halafu zipo ndege. Njia ya kurukia ya kikosi iko sambamba na mashimo yetu manne, ng'ambo ya uzio tu, na ndege ikitua unaweza kusoma namba zake bila miwani. Ndiyo maana tuna sheria isiyopatikana kwingine, nayo ni kazi ya Mzee Rula: mpira uliopigwa ndege ikiwa inapita juu unaweza kurudiwa bila adhabu. Alipoipendekeza ilionekana ni huruma tupu. Baada ya muda, wachezaji wakaanza kusikia ndege ambazo sisi wengine hatuzisikii. Mwanachama mmoja, daktari wa meno, alirudia mipira miwili siku ya sikukuu ambayo kikosi kizima kilikuwa kimefungwa. Kesi zote hizo zilipelekwa kwa Mzee Rula popote alipo, hata akiwa chini ya trekta. Alisikiliza pande zote, akatazama juu, akauliza kwa upole ndege yenyewe ilikuwa ya rangi gani. Kwa kawaida mlalamikaji aliondoka bila kujibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililomtesa, kwa maana haitakuwa haki kuandika sifa zake na kuliruka.

Miaka mingi iliyopita tulipewa kwa mara ya kwanza mashindano makubwa. Mzee Rula aliamua wageni waone kazi. Njia ya shimo la kumi na moja, enzi hizo, ilinyooka moja kwa moja kutoka mwanzo hadi kwenye bendera, na ilikwenda sambamba na njia ya kurukia ndege. Aliikata nyasi zake fupi na sawasawa hadi ikang'aa. Kisha, ili watazamaji wasikanyage ndani, akapiga mstari wa chokaa nyeupe kila upande, mwanzo hadi mwisho. Tulisimama kuutazama na kuusifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria unavyoonekana kutoka juu.

Asubuhi ya mashindano kulikuwa na ukungu mwepesi wa baharini. Rubani mwanafunzi aliyekuwa anarudi kutua aliona chini yake njia ndefu iliyonyooka, imezungushiwa mistari myeupe, akamshukuru Mungu na kuielekea. Wachezaji wa kundi la kwanza walikuwa katikati. Waliona magurudumu yanashushwa, wakalala chini kifudifudi, na wabeba fimbo wakatawanyika kila mmoja na lake. Mzee Rula alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na bendera, na badala ya kukimbia alianza kupunga mikono yote miwili akielekea ndege ilikotoka. Rubani aliivuta ndege juu dakika ya mwisho. Upepo wake uling'oa bendera na kuondoka na kofia ya mwenyekiti, ambayo hatukuiona tena. Hakuna aliyeumia, na hilo tunalishukuru hadi leo.

Gari la jeshi lilifika kabla hatujamaliza kuhesabiana. Afisa aliyeshuka alidhani rubani wake amechanganyikiwa na alikuwa tayari kumwadhibu. Mzee Rula akatoka mbele, suruali yake imejaa chokaa, akamwambia afisa kwamba kijana wa watu hana kosa, kosa ni lake, yeye ndiye aliyemchorea njia. Wakati huo alikuwa na watoto wawili shuleni na cheo cha ufundi mkuu chenye miezi michache tu.

Kikosi kiliamuru shimo lifungwe. Mzee Rula aliomba wiki moja, akapewa. Akaanza kufanya kitu ambacho mikono yake haikuwahi kufanya: aliipindisha njia. Upande mmoja aliacha nyasi ndefu ziote, upande mwingine akakata mpya, akaizungusha njia nyuma ya bonde la mchanga mpaka ikawa na umbo la kiwiko cha mkono. Mara kwa mara aliisimamisha mashine na kujifuta uso. Watu wa jikoni walisema ni jasho. Mimi nilikuwa nimempelekea chai na nilimwona kwa karibu, mzee wa watu alikuwa analia.

Ndege moja ilipita juu kukagua, na jibu likaja kwamba shimo linaweza kubaki. Wanachama walilalamika mwaka mzima, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kujisifia. Maana kwenye kile kiwiko unapaswa kuamua. Ukiwa jasiri unaupitisha mpira juu ya bonde, karibu na uzio, na ukikosea unawapelekea wanajeshi zawadi. Ukiwa mwoga unazunguka, unafika salama na umechelewa. Nimeona mume na mke wakinuniana hapo mpaka shimo la kumi na nne. Hilo ndilo shimo ambalo wageni wote hulitaja wakirudi.

Lakini yeye hakulipenda. Kwa miaka yote hii, mgeni akipita hapo na Mzee Rula akiwa karibu, alivua kofia na kusema samahani kwa hiyo njia, ilikuwa imenyooka zamani. Tulimtania, tulimkataza, mwenyekiti aliwahi hata kumwamuru aache. Wapi. Alikuwa anaomba radhi kwa ajili ya shimo zuri kuliko yote tuliyo nayo.

Mengine aliyotufanyia ni mengi na nafasi ya jarida ni ndogo. Mwaka ule chumvi ya bahari ilipounguza nyasi, alishinda na watu wake wakimwagilia maji yasiyo na chumvi kwa ndoo hadi bomba likatengenezwa, na hakuna shimo hata moja lililofungwa. Alimfundisha kazi msaidizi wake, mama wa watoto wawili ambaye wengine walisema trekta litamshinda, na kuanzia Jumatatu ijayo mama huyo ndiye fundi mkuu. Mama yangu mzazi alipofariki, Mzee Rula ndiye mtu wa kwanza niliyemkuta mlangoni. Alikaa na sisi siku nzima na hakusema maneno kumi. Sijawahi kumshukuru vya kutosha, basi nafanya hivyo hapa, mbele yenu wote.

Turudi kwenye mkataba. Miezi mitatu iliyopita kamanda wa kikosi, mpya katika cheo hicho, alituma ujumbe kwamba anakuja kulitembelea shimo kwa miguu yake kabla ya kupeleka mapendekezo yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu tulimwogopa. Mwenyekiti alivaa tai. Mzee Rula aliamka mapema kuliko sisi sote, akakata nyasi za kumi na moja, na walipoanza kutembea akawa nyuma yao, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kusikiliza hukumu.

Walipofika kwenye kiwiko kamanda akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mzee Rula hakuweza kujizuia. Akasogea mbele na kuomba samahani kwa hiyo njia, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeiharibu, na kwamba wakiruhusiwa kubaki, na kikosi kikiridhia, ataitengeneza ionekane vizuri zaidi.

Kamanda alimuuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyeichora. Alipoitikia, kamanda akavua kofia yake.

"Mzee, usiiguse," alisema. "Mimi nilijifunza kurusha ndege hapa. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kutafuta kiwiko. Ukikiona, unajua hiyo si yetu, yetu ni iliyo kando yake. Mpaka leo wanafunzi wanafundishwa hivyo hivyo. Kuna siku za ukungu nimekitafuta hicho kiwiko chako huku moyo uko mdomoni, na nikakiona, nikarudi kwa watoto wangu."

Mwenyekiti alilegeza tai. Mzee Rula alitazama juu, kisha akaitazama ile njia, kana kwamba mtu amemwonyesha mtoto wake aliyekuwa akisoma mbali.

Majuma machache baadaye jibu rasmi likaja. Maghala yatajengwa upande mwingine wa kituo, na mkataba wetu umefanywa upya kwa muda mrefu kuliko ule uliopita. Mgonjwa ametoka wodini. Ndiyo maana safari hii keki imeagizwa tena, na tunaomba mwenye keki asitubadilishie mawazo.

Jumatatu iliyopita alikata nyasi za kumi na moja kwa mara ya mwisho. Nilikwenda kumpelekea chai, na kundi la wageni wanne likafika kwenye kiwiko wakati huo huo. Mmoja wao, mama mwenye sauti ya kujiamini, alikuwa ameupoteza mpira wake wa pili ng'ambo ya uzio. Aliuliza kwa nguvu ni nani aliyeipinda njia ya watu namna hii. Mzee Rula alizima mashine. Akashuka, akavua kofia. Mimi na msaidizi wake tulitazamana, tukaisubiri ile samahani tunayoijua kwa moyo.

"Ni mimi," akasema. "Huu ni mkono wangu." Akavaa kofia yake, akapanda mashine, akamalizia kona.

Mzee wetu, mkono huo umetulisha na umewarudisha watoto wa watu nyumbani. Ahsante sana. Shemeji, tunakukabidhi mtu wako akiwa mzima. Mistari ya shuka sasa ni yako kuvumilia kutwa. Mungu akupe afya, Mzee Rula, na siku ndefu za kupumzika, na upite hapa kila ukitukumbuka. Zamu ya kuanza tutakuwekea, na ndege utakazosikia tutaziamini zote.