Mafundi Wanaogombania Pasi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, msimamizi wa karakana ya ushonaji alimlalamikia jirani yake, mwalimu wa kwaya: "Mafundi wangu wapya wanagombania pasi kila siku. Kesho nafukuza wawili."

"Usifukuze, dada. Kwaya yangu nayo ilianza kwa kununiana. Niliwaacha wazozane, nikakataza matusi tu. Wakazoeana."

"Wangu wameshazoeana! Jana nimewakuta wanacheka mpaka machozi. Kuniona tu, kimya kama maji mtungini."

"Walikuwa wanacheka nini?"

"Mmoja alikuwa anaigiza ninavyotembea."

Nikageukia dirishani, nisionekane meno.

"Basi timu unayo," mwalimu akasema. "Aliyebaki nje ni wewe. Cheka nao."

"Na heshima yangu je?"

Mwalimu akafungua mdomo, lakini basi lilishasimama kituo cha mwisho.