Debe la Kupimia Usipa

Lori la Mbamba Bay lilikuwa likikaribia Mbinga. Gertruda alikumbatia gunia la usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa aliowakausha juu ya chanja, bila chembe ya mchanga. Mchuuzi aliyeketi mkabala naye alimtafuna mmoja, akasifu, akatoa debe lake. “Mama, tupimie hapa hapa. Siku hizi soko huria.”

Gertruda akapapasa kitako cha debe. Kilikuwa kimegongwa kwa nyundo hadi kikatokeza nje. “Shemeji, debe lako lina mimba! Huo uhuru ni wa nani?”

“Mbinga nzima wanapimia haya haya.”

Lori likasimama. Gertruda akalipindua debe, akalikalia kwa uzito wake wote. Kitako kikabonyea ndani kwa kishindo. “Limeshajifungua,” akasema. “Sasa tupime.”

Utingo aliita abiria washuke. Hakuna aliyeshuka kabla ya kuona debe likijazwa.