Rika la Homa

Mwaka wa sitini na tisa, homa ya Hong Kong ilipofika Nyeri, nusu ya soko ililala kitandani, na sisi wa benchi la Waithira tukabaki kuijadili. Waithira, mjane, ndiye aliyetuuzia kahawa. Mathenge alikuwa amemposa na kumwambia ana miaka hamsini, ndiyo maana tukambandika jina la Kijana. Jibu lingetoka Jumamosi, na mzee wa watu alikuwa hali wala halali. Gatimu tulimwita Redio, kwa kuwa hazimiki.

REDIO: Hii homa imekuja na mashati ya naironi. Ukitaka kupona, vaa ya pamba.

KIJANA: Wacha hizo. Ni rubani alipiga chafya akipita juu ya mlima. Barafu ikaishika, ikayeyuka, na sasa tunakunywa chafya yake kwa mfereji.

REDIO: Na mbona wewe haijakushika?

KIJANA: Hii ni ya watoto. Ile ya mwaka wa kumi na nane, mwisho wa vita ya Wajerumani, hiyo ndio ilikuwa homa. Ilifagia boma mzima. Sisi tuliotahiriwa mwaka hiyo, hata rika yetu ikapewa jina yake.

Akauziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Waithira alisimama, birika mkononi.

REDIO: Ati ulitahiriwa kabla ya kuzaliwa?

KIJANA: Nilikuwa naambiwa na baba.

Nilimwonea huruma, ingawa nilicheka hadi kahawa ikanipalia. Hapo akafika binti wa maabara, Wangechi, na kisanduku cha sindano.

WANGECHI: Hamjambo, wazee. Wataalamu wanataka kujua kama homa ya zamani iliacha kinga kwa damu. Nani hapa aliugua ile?

Hata Redio alizimika. Kijana aliinama akatazama viatu vyake, na mimi nikaona ndoa imekwisha.

Waithira akaweka birika chini, akakunja mkono wa sweta.

WAITHIRA: Toa yangu. Ilinipata nikiwa kwa mgongo ya mama. Halafu utoe ya huyu. Yeye alikuwa mwanaume mzima.

KIJANA: Waithira, sasa Jumamosi...

WAITHIRA: Kuja. Mimi nilizika bwana mapema. Mtu homa mbili zimeshindwa kumtoa duniani, huyo ndio nataka.

Kijana akamnyooshea Wangechi mikono yote miwili.