Sauti Yangu Ilirudi kwa Wimbo

Bandugu, mwenye kusikia sauti hii asifu Bwana pamoja na mimi, juu sauti yenyewe njo ushuhuda!

Bamingi munanijua. Niko mama wa batoto tatu, ninauzishaka maharagi ku soko ya Butembo, na niliimba mu korale ya paroise hii mbele hata niolewe. Asubuhi moja niliinama kuwasha makala. Mukono wa kuume ukalegea, muguu ukakatala, nikaanguka. Nikataka kuita baba ya batoto. Kinywa kikatosha tu "ba, ba, ba". Munganga akasema damu imeziba mu kichwa.

Bandugu, nabaambia, kukosa kutembea ni mubaya, mais kukosa kusema ni kaburi! Binti yangu wa mwisho ananikamata mashavu: "Mama, niite jina." Jina nilikuwa nalijua! Lilikuwa hapa, ku ulimi, mais kutoka, hapana. Akaenda kulia inje.

Bageni nabo balikuja kuniangalia. Mumoja akasema mbele yangu: "Huyu amekwisha. Nyamuhanga, Mungu Muumba wetu, amuhurumie." Nilisikia yote!

Baba ya batoto akakatala. Akanipeleka Beni, ku centre kwenye banafundisha bagonjwa kutembea tena. Kine wangu, mwenye kufanyisha mwili mazoezi, alikuwa mwanamuke mukali. "Mama, simama!" Ninaanguka. "Simama tena!" Ku kitanda cha pembeni kulikuwa mama mumoja Muislamu, bibi ya shofere wa gari za Kasindi. Alivunjika kiuno, mais alikuwa ananilisha na mukono wake. Siku nilikatala chakula, akaniambia: "Dada, miye ninakuombea kila asubuhi. Na weye, omba." Moyo wangu ukajibu: nitaomba namna gani, na mudomo sina?

Halafu, siku ya Mungu, bakristu ba kanisa ya pembeni bakaanza wimbo wa shukrani, ule tunaimbaka hapa kisha komunyo. Nikafumba macho. Nikaambia Bwana mu moyo: kama mudomo wangu ungali wako, utumie. Na nikaimba! Bandugu, nikaimba na maneno yake yote!

Ule mama akapiga kelele: "Kine! Kine! Kuja mbio, anaimba!"

Kine akafika ku mulango, anahema. "Mama, usinyamaze! Endelea!" Akatuelezea kama wimbo uko na njia yake mu kichwa, donc tutapitishia maneno mu njia ile. Toka pale tukaimba kila kitu: maji, majani ya sombe, shuka. Kine mwenyewe hajue kuimba, tulicheka sana! Binti yangu alipokuja kunitembelea, nikaimba jina lake. Kisha nikalisema. Akanirukia, tukaanguka sisi wote ku kitanda!

Leo nimeingia humu na miguu yangu. Ningali ninachechemea, maneno mengine yanakawia, mais yanakuja!

Wasingya, aksanti, baba ya batoto, weye ulikatala kunizika. Wasingya kine, na ukali wako. Wasingya ule mama wa Beni, Mungu alimutia pembeni yangu. Na ninyi, bandugu, muko na mugonjwa mwenye kunyamaza ku nyumba? Hapana kusema juu yake kama vile hayuko. Ikala karibu, mupe habari za soko, mwimbie. Yeye anakusikia, na Mungu anamusikia.