Kumuaga Bwana Njoo Alhamisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Ndugu Katibu wa Chama; ndugu viongozi wa ofisi mlioacha viti vyenye mito mkaja kukalia mabenchi yetu hapa Mchafukoge; masheikh wetu, mapadri wetu; wazee wangu, shikamooni; akina mama wa Feri mliozima meko mapema ili muwahi shughuli hii; mafundi wa Gerezani mliokuja na mafuta ya mashine kwenye kucha; na wewe mwenyewe, Ndugu Eliasi Mgonja, mtani wangu, uliyevishwa shada la maua ili tukuage kwa heshima, kadiri heshima yenyewe itakavyofika.

Kwa wasionijua, naitwa Candida. Ni mwenyekiti wa tawi hapa mtaani, na ni msimamizi wa lile duka la ushirika ambalo kila siku mnanipigia kelele kwa ajili ya sukari. Lakini jioni hii sikusimama kwa vyeo hivyo. Nimesimama kwa cheo kikubwa zaidi. Mimi ni Mchaga, na huyu bwana ni Mpare. Wageni mliotoka mbali mfahamu kwamba mtani akisema, hakamatwi, na anayesemwa hana ruhusa ya kununa. Mume wangu alipofariki, huyu Eliasi alikuja msibani, akasogea karibu na jeneza, akadondosha shilingi sakafuni, ikalia. Akasubiri kidogo, kisha akawatangazia waombolezaji: "Huyu amekufa kweli. Mchaga aliye hai angekwisha kuuliza ni ya nani." Nilicheka huku machozi yakinitoka, na sijawahi kuusahau wema wake ule. Leo zamu yangu.

Nimeombwa nimsifu. Nami nitamsifu, tena kwa haki. Miaka yote aliyoongoza sehemu ya ufadhili wa wanafunzi, Ndugu Eliasi hakula rushwa. Hakuna mzazi anayeweza kusimama hapa aseme alimpelekea kuku, wala mchele, wala chupa ya mafuta ya kula, akapokea. Ofisi nyingine watakunyima mpaka uwape kitu kidogo. Yeye alikunyima bure.

Na hakuwahi kumwambia mtu "hapana". Hilo nalo mliweke kwenye risala yenu. Mzazi akipanda ngazi za ofisi ile na shida ya mwanawe, Ndugu Eliasi alimkaribisha, akampa pole ya safari, akamsikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa kwa huruma, halafu akamwambia: "Njoo Alhamisi." Alhamisi ikifika, anaambiwa suala lake linashughulikiwa, aje Alhamisi. Wapo watu wameoa, wamezaa, wametembeza watoto wao kwenye ngazi zile, na suala bado linashughulikiwa. Nani kati yenu hajawahi kuambiwa njoo Alhamisi? Naona mikono imebaki chini. Hata dereva wake hakunyosha.

Sasa mtu atasema, Mama Candida, mbona unamwonea, yeye ni mtekelezaji tu, kanuni hakuzitunga. Sawa. Tuzitazame hizo kanuni. Mwanafunzi akirudia mwaka, ofisi inasema ameshindwa, na Taifa haliwezi kulipia darasa moja mara mbili. Mwanafunzi akibadili kozi, ofisi inasema ameukimbia mpango wa Taifa wa wataalamu, kwa hiyo ahesabiwe mgeni, arudi kazini miaka miwili, aombe upya na tawi limpendekeze upya. Elimu ya Chuo, anatuambia, ni mkopo kutoka kwa mkulima, unalipwa kwa jasho. Maneno mazuri hayo, nami nimeyapigia makofi kwenye mikutano. Lakini mbona yupo kijana mmoja, jina silitaji kwa sababu baba yake yumo humu na hajala, aliyeanza na sheria akaona vitabu ni vizito, akahamia kilimo akaona jua ni kali, na sasa yuko kozi ya tatu ambayo hata mama yake haijui? Nilimwuliza mtani wangu, huyu naye ni mkimbizi wa mpango? Akaniambia kijana anatafuta kipaji chake. Basi mkulima ana moyo! Anamtafutia mtoto wa mkubwa kipaji kwa jembe la mkono.

Sasa niwape habari ya mtoto ambaye kipaji chake kilishaonekana. Mboni, simama mwanangu, watu wakuone. Huyu ni binti wa Bi Sabaha, mkaanga samaki wa pale Feri, aliyekuja mjini kutoka Kilwa na karai lake kichwani. Mboni alipomaliza Jeshi la Kujenga Taifa alifanya kazi karakana moja ya Gerezani, na mafundi hawa mnaowaona wanakiri wenyewe kwamba alikuwa akizifungua mota za umeme wao wakisimama kando. Tawi langu lilimpendekeza. Mimi mwenyewe nilisimama kwenye kikao nikasema tabia yake naijua. Akaenda Chuo kusomea uhandisi wa umeme, mwaka wa kwanza akafaulu vizuri. Mwaka wa pili, mitihani ikiwa mlangoni, akashikwa na homa ya matumbo. Wenzake wanaandika mitihani, yeye yuko wodini hajui hata jina lake.

Chuo, na hapa nawasifu bila utani, kilimwonea huruma. Walimu walimwambia ana njia mbili: arudie mwaka, au ahamie ualimu wa hisabati, ambako masomo aliyofaulu yangetosha kumwingiza mwaka wa pili moja kwa moja. Mboni akaja ofisini kwa Ndugu Eliasi. Akasema nitarudia, niendelee na umeme wangu. Akaambiwa Taifa halilipi mara mbili. Akasema basi nitahama. Akaambiwa anayehama ni mkimbizi. Akauliza, sasa mimi niende wapi? Mnajua alivyojibiwa.

Bi Sabaha si mtu wa kulia. Akasema kama Taifa halina fedha, sisi tunazo. Akina mama wa Feri wakamwachia zamu ya upatu, mafundi wa Gerezani wakapitisha kofia siku ya mshahara, na kila mmoja akatoa alichoweza ili binti alipiwe mwaka mmoja tu aliougua. Wakamtuma mama mtu azipeleke ofisini. Naye mtani wangu, mtu mwangalifu, akaziangalia zile noti zinazonuka samaki, akauliza: "Mama, fedha hizi umezipata wapi?"

Mnaikumbuka miezi ile. Mnajua swali hilo lilivyokuwa zito. Watu walikuwa wakitupa sabuni kwenye mitaro wasikutwe nayo wakaitwa wahujumu uchumi. Fedha hakuzipokea, wala hakuishia kuuliza, akaleta swali lile tawini kwangu, rasmi, ili mkaanga samaki achunguzwe uchumi wake. Mgambo wakaenda Feri wakasimama mbele ya karai la Bi Sabaha, wateja wakatawanyika, mama wa watu akaacha samaki waungue karaini. Aliogopa, ndugu zangu, mwanamke ambaye hata papa wa baharini hajawahi kuwaogopa. Sikuwahi kukasirika hivyo tangu nizaliwe. Niliwatimua mgambo wale kwa mdomo huuhuu. Lakini aibu ilikuwa imeshamwagika.

Ninauliza, kwa sababu leo ni siku ya kuulizana. Huko nyuma kunapikwa pilau ya kumuaga Ndugu Eliasi. Mimi ndiye msimamizi wa duka la ushirika, najua mchele ulioingia mtaa huu mwezi huu, na haukutosha hata uji wa wagonjwa. Kuna aliyeuliza mchele wa pilau ile umepatikana wapi? Hakuna. Naona viongozi mnatazama dari. Msiogope, mimi ni mtani tu, sileti mgambo.

Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Mboni asipokuwa na mlipaji siku hiyo, nafasi yake inapewa mwingine. Kesho Jumamosi, nusu siku, ndiyo siku ya mwisho ya Ndugu Eliasi kushika kalamu ya ofisi. Mrithi wake ni Ndugu Augustino, yule pale mwenye shati la kijani, na ninaambiwa naye kishasema atahitaji muda wa kuizoea ofisi. Kwa hiyo mzee anamwachia mgeni, mgeni anasema bado mgeni, na binti anaachwa katikati.

Ndugu Eliasi, hebu simama, baba, watu wakupigie makofi. Simama kabisa, usione haya. Mpigieni makofi, jamani! Zaidi!

Ahsante. Mama Angelina, kiti umeshakikalia? Mzee Theophil, shika mguu wa nyuma, asije akakivuta. Ndugu wageni, kwa wasioelewa kilichotokea: sisi watani zake tumemnyang'anya kiti, na kwa desturi yetu hakai mpaka akikomboe.

Anaingiza mkono mfukoni. Anatoa sarafu. Mtani, rudisha. Mchaga anakataa hela mbele ya watu, muwasimulie wajukuu zenu. Kuku pia sitaki. Ukombozi wa kiti hiki ni jibu moja tu, na ulitoe hapa, mbele ya mama yake. Mwanafunzi aliyeugua, ambaye Chuo chenyewe kimemkubali kurudia, anastahili ufadhili au hastahili?

Mmemsikia? Anasema suala hilo linashughulikiwa. Chekeni, lakini msimzomee, ni mtu mzima.

Sasa anasema Taifa halilipi darasa moja mara mbili. Mtani, mtaro wa hapo nje ulichimbwa mwaka juzi ukafukiwa, mwaka jana ukachimbwa ukafukiwa, na leo umekuja umeinua suruali kwa sababu umechimbwa tena. Mtaro unarudia mwaka wa tatu, na haujawahi kuugua! Mtu aliyetibiwa kwa fedha za mkulima, akafundishwa kwa fedha za mkulima, unamtupa njiani akiwa amebakiza nusu ya safari. Sasa hapo mkulima umemwokolea nini?

Anasimama tu. Wapare mnawajua. Huyu atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Miguu yake inamwuma, naona anaegemea huu, mara anaegemea ule. Haya, tutasimama wote. Mimi nimezoea foleni.

Pilau hiyo inaletwa. Wekeni masinia hapo mbele, akina mama, ila msifunue bado. Desturi ya ukumbi huu ni kwamba anayeagwa ndiye anayeanza kula, na mtu aliyesimama haruhusiwi kula. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utatuwia radhi. Ndugu viongozi, mtatuwia radhi. Harufu mnaisikia. Ile ni iliki.

Mheshimiwa anasemaje? Naomba utulivu huko nyuma, Mheshimiwa anazungumza. Anasema: "Ndugu Eliasi, mjibu huyo mama tule." Asante, Mheshimiwa. Hayo ndiyo maelekezo kutoka ngazi za juu.

Sema, mtani. Kwa sauti, akina mama wa Feri hawajasikia.

"Anastahili. Arudi darasani. Nitatia sahihi kesho asubuhi kabla sijakabidhi ofisi."

Bi Sabaha, umesikia? Kaa, dada yangu, kaa usije ukaanguka. Mboni, mshike mama yako. Kesho ofisi ikifunguliwa mimi na mafundi wawili tutakuwa juu ya ngazi zile, si kwamba hatumwamini mtani, ila tumezoea kuziona.

Ndugu zangu, tumefundishwa jambo kubwa jioni hii. Binti huyu aliugua akalala wodini, haikutosha. Walimu wake walimwombea, haikutosha. Mama yake alilia hapo kwenye benchi nilipokuwa nikimhoji mtani, na kumbe mimi niliyesema halii nilikosea, haikutosha. Mtaa mzima ulichanga, ukaitiwa mgambo. Lakini sinia la pilau lilipowekwa mbele ya wakubwa likafunikwa, kanuni iliyokuwa ngumu ikalainika kabla wali haujapoa. Sote tulikuwa tukipeleka maombi ofisini, kumbe ilitupasa kupeleka sufuria na kufunga mlango!

Na wewe, Ndugu Augustino, usicheke sana. Wewe ni Mngoni, mimi si mtani wako, siwezi kukunyang'anya kiti. Mboni ana mama mkali na jirani mwenye mdomo. Yupo binti mwingine kule Newala, au Kibondo, naye aliugua wakati wa mitihani, barua yake iko mezani kwako, na hakuna mtu hapa mjini wa kumsemea. Huyo ndiye utakayemjibu bila pilau, na usimwambie Alhamisi.

Nawashukuru nyote kwa uvumilivu wenu, mmesikiliza kwa masikio na kwa matumbo. Mama Angelina, mwachie mzee kiti. Kaa, mtani wangu, miguu ipumzike. Funueni masinia. Na ndugu yangu, Bi Sabaha ndiye atakayekunawisha mikono.