Mama Vibati, Aliyeipa Miti ya Mji Namba

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa halmashauri na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vibati.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa nne kutoka bombani, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa baba mpaka rangi wa mabehewa na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1974, ambako mwalimu wa biolojia aliandika kwenye ripoti yake, “Ana bidii, ila anabisha,” maneno ambayo mama aliyasoma kwa aibu na baba akayasoma tena kwa sauti. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha kilimo cha bustani, akapata cheti mwishoni mwa 1976.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa na halmashauri ya mji kuwa mhudumu wa kitalu, akijaza udongo kwenye vifuko na kumwagilia miche. Huko alikutana na fundi umeme aliyekuwa akikata matawi yanayogusa nyaya, wakagombana kuhusu tawi moja mbele ya posta, na kesi hiyo haikuwahi kuamuliwa, maana tarehe 22 Agosti 1981 walifunga ndoa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kike mwaka 1982, wa kiume mwaka 1985, na kitinda mimba wa kike mwaka 1990, wote wapo hapa pamoja na baba yao.

Mwaka 1986 alipandishwa kuwa msimamizi wa miti ya barabarani, akagundua kwamba ofisi ilijua idadi ya taa na mapipa ya taka, lakini hakuna aliyejua mji una miti mingapi. Akaanza kuihesabu, mtaa kwa mtaa, akikata makopo ya rangi kuwa vibati, akitoboa namba kwa msumari na kukifunga kila kibati kwa waya uliolegea ili mti unapopanuka usinyongwe, kazi iliyomchukua miaka mitatu na kuishia namba 3,118. Wenzake walimcheka, wakampa jina hilo la Mama Vibati, naye akaliitikia kana kwamba ni la ubatizo.

Familia isingependa kuficha jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha. Mapema mwaka 1998, fundi cherehani mmoja wa sokoni, mama mwenye meza yake chini ya mti namba 212, alimwambia mara mbili kwamba mti ule unalia upepo ukivuma, marehemu akautazama, akaona majani ya kijani, akaandika kwenye daftari kuwa ni mzima. Tarehe 9 Aprili, mvua ya upepo iliangusha tawi kubwa juu ya meza ile, cherehani ikapondeka, na fundi akavunjika bega. Marehemu alikwenda hospitali siku hiyohiyo, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, “Uliniambia, mimi sikukusikiliza,” na fundi akamjibu, “Basi kaa, usisimame kama askari.” Walikuwa marafiki tangu siku hiyo, na fundi huyo yuko nasi, mstari wa mbele. Baada ya hapo marehemu alinunua nyundo ya mpira, akawa anagonga kila shina na kutega sikio, na miti iliyooza ndani aliiandikia kwa mkono wake kibali cha kukatwa, zaidi ya mia moja na arobaini, bila kuuonea mti huruma.

Ndiyo maana tarehe 7 Machi 2011, alipoletewa karatasi ya kuidhinisha kukatwa kwa miti sitini na mitatu ya barabara ya hospitali, yote ikiwa imekwisha pakwa alama nyekundu ili barabara ipanuliwe, aliuliza ni nani aliyeigonga, akaambiwa hakuna, akairudisha karatasi bila sahihi. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, kuhesabu majembe na matairi. Hakulalamika, lakini kila siku ya kazi, saa saba mchana, alitembea hadi barabara ile na kipimajoto, akakiweka juu ya saruji chini ya miti, kisha upande wa pili ambako miti ilikatwa zamani na ambako wajawazito walipanga foleni ya kliniki, akaandika na kurudi stoo kabla ya saa nane. Miaka ile joto lilikuwa limeanza kuzidi kipimo tulichokizoea, na muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia kwamba wanaozimia kwenye foleni wanaongezeka.

Tarehe 3 Novemba 2011 aliruhusiwa kuzungumza mbele ya baraza la madiwani kwa dakika kumi, akasoma daftari lake, kivulini nyuzi thelathini na mbili, juani nyuzi arobaini na tisa, siku baada ya siku. Mhandisi wa barabara alimuuliza, “Mama, kwani wewe unataka barabara au unataka miti?” naye akajibu, “Nataka mwanamke mwenye mimba afike dirisha la kliniki akiwa amesimama. Twende tukapime.” Mhandisi, ambaye leo ni miongoni mwa waliobeba jeneza, alikwenda naye Jumamosi ya tarehe 12, wakavuta futi kamba kutwa nzima, wakaona kwamba mtaro ukihamishiwa upande wa pili, miti arobaini na sita inabaki. Kumi na saba ilikatwa. Marehemu alisimama pale hadi wa mwisho, akivua kibati kimoja kimoja, na mumewe alipompongeza jioni alisema, “Usinipongeze, nimepoteza kumi na saba,” akasusa chakula.

Mwaka 2014 halmashauri ilipitisha sheria ndogo kwamba mti wa barabarani haukatwi kabla ya kukaguliwa. Alistaafu tarehe 14 Machi 2017, lakini aliendelea kuzunguka mitaani, na kila alipoalikwa kupanda miti alikuwa na swali moja kwa wenye kamera, “Atakayemwagilia ni nani?” na asipojibiwa aliondoka.

Novemba 2020 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, miguu ikawa inavimba, na safari zake zikafupika hadi kituo cha mabasi, ambako yeye, fundi cherehani na muuza magazeti walikuwa wakitunza miche saba kwa zamu. Alilazwa tarehe 29 Januari 2024, na Jumanne tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, baada ya kumuuliza binti yake kama mvua imenyesha na kuambiwa bado, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwaamuru wafungue madirisha, majirani waliolala nasi msibani, na wenzake wa halmashauri, waliokuja na nguo za kazi kwa sababu wanarudi kazini kutoka hapa.

Tunamalizia kwa taarifa moja, kwamba zamu ya wiki hii kituoni ilikuwa yake, na mumewe amekwisha kuichukua, jana alibeba ndoo mbili.

Lala kwa amani, dada yetu, upumzike.