Mama Pindo na Maji ya Kisima cha Bondeni

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo mlimwita Mama Pindo. Alizaliwa tarehe 4 Juni 1957, kitinda mimba wa mwashi aliyejenga nyumba ya mawe pale njia panda.

Shule aliishia darasa la nne. Mumewe hakufika hata hilo. Barua zote za nyumbani alisoma yeye, nyingine akizisoma kimoyomoyo na kucheka peke yake.

Cherehani alifundishwa na shangazi yake. Sare za watoto wa hapa alishona yeye, na pindo aliliacha refu, mtoto akikua literemshwe. Jina likatokea hapo.

Aliolewa Desemba 1976. Siku ya posa alimtazama mchumba juu mpaka chini, akauliza, "Suruali hiyo kakushonea adui yako?"

Masika haya tumbo lilianza kumkata, na homa juu. Mganga akasema adui ni mtu wa karibu, anakula naye. Nani tena? Wifi yake, dada wa mumewe, wa ukuta mmoja. Salamu zikakatika. Sahani ya wifi ikarudishwa bila kufunuliwa. Duka la dawa likatoa vidonge. Akapata nafuu, akaanguka tena. Ndipo yeye na mumewe wakaenda zahanati. Kwenye benchi wakamkuta wifi, kajikunja, kashika tumbo.

"Na wewe, wifi, nani kakuroga?"

"Kwani si wewe?"

Walicheka huku wanaugulia.

Tabibu hakucheka. "Mnachota wapi?" Wote wawili, kisima cha bondeni. Choo kipya cha mwenyekiti wa kisima kiko juu yake, mteremko mmoja. Mwenyekiti anasema maji ni safi. Kwake wanakunywa ya mvua; mumewe Mama Pindo ameliona pipa.

Wifi aliwahi dawa, akapona. Mama Pindo, homa ya matumbo ilishamtoboa utumbo. Alifariki hospitali tarehe 13 Mei mwaka huu. Siku za mwisho maji aliyapokea mkononi mwa wifi tu.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu, na wifi huyo.

Maji ya msiba huu kayachemsha wifi. Kunyweni bila shaka. Kikombe kile cha peke yake mezani ni cha mwenyekiti, maji yake yametekwa kisimani asubuhi hii. Akishakunywa, tumlaze Mama Pindo kwa amani.